Wahudumu wa baa na hoteli za Mlima Kenya wangali wanavuta moshi wa wateja

Rais Mwai Kibaki alipotia sahihi Sheria ya Kudhibiti Tumbaku mnamo Agosti 27, 2007, wengi waliamini kwamba enzi ya kula na kunywa ndani ya wingu la moshi wa sigara ilikuwa imefika ukingoni. Kibaki, aliyekuwa pia Mbunge wa Othaya katika Nyeri, aliwahi kuwa Waziri wa Afya kati ya 1988 na 1991, na sheria hiyo ilianza kutumika Julai 8, 2008. Tangu wakati huo, mteja asiyevuta sigara amepata nafuu kubwa. Mhudumu anayempelekea mvutaji chupa yake ya bia hajaipata nafuu hiyo, na sababu imo ndani ya sheria yenyewe.

Mteja anayekerwa na moshi huhama meza, hutoka nje, au huenda baa nyingine. Akichoka kabisa hurudi nyumbani. Mhudumu hana hiari hiyo. Sheria ya Udhibiti wa Vileo ya mwaka wa 2010 iliweka saa za kuuza pombe katika baa za kawaida kuwa kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku siku za kazi, na kuanzia saa nane mchana mwishoni mwa juma na siku za sikukuu. Mhudumu anayefanya kazi siku zote za juma kwa saa hizo hukaa ukumbini saa 48, bila kuhesabu muda wa kufagia, kukusanya chupa na kumwaga visahani vya majivu baada ya mlango kufungwa.

Ni saa nyingi kuliko anazokaa mlevi sugu wa mtaani, ambaye aghalabu ndiye hutajwa hatari za baa zinapojadiliwa.

Sheria inasema nini

Sheria ya mwaka wa 2007 inakataza uvutaji wa sigara mahali pa umma, na orodha ya mahali hapo ni ndefu: ofisi na sehemu za kazi, mahakama, viwanda, kumbi za sinema na disko, hospitali, mikahawa, hoteli, baa, magari ya uchukuzi, nyumba za ibada, shule na masoko. Anayepatikana na hatia anaweza kutozwa faini isiyozidi Sh50,000 au kufungwa jela kwa muda usiozidi miezi sita, au kupewa adhabu zote mbili. Mwenye biashara naye amepewa wajibu wa kuweka ilani na kuhakikisha kwamba marufuku hiyo inafuatwa katika jengo lake.

Haikupatikana kwa urahisi. Kenya ilitia sahihi na kuridhia Mkataba wa Shirika la Afya Duniani (WHO) kuhusu Udhibiti wa Tumbaku siku moja, Juni 25, 2004. Mwaka wa 2006, aliyekuwa Waziri wa Afya Bi Charity Ngilu alitoa kanuni za kupiga marufuku uvutaji hadharani, lakini kampuni za tumbaku zilikimbilia Mahakama Kuu na kanuni hizo zikasimamishwa. Baraza la Jiji la Nairobi lilitangulia kwa sheria yake ndogo mnamo Julai 2007, kabla ya sheria ya taifa zima kupata sahihi ya rais mwezi uliofuata.

Lakini wabunge waliacha dirisha moja wazi. Sheria inaruhusu eneo maalumu la wavutaji kutengwa katika baadhi ya majengo, mradi lifungwe, litenganishwe na sehemu nyingine, na hewa yake itolewe nje ili isiwafikie watu wasiovuta. Kwa mteja, mpango huo unaeleweka: anayetaka kuvuta aingie mle, asiyetaka abaki nje. Lililosahaulika ni kwamba wavutaji walioketi mle wataagiza vinywaji. Nyama watakayoitisha itapelekwa na mtu, meza itapanguswa na mtu, bili italetwa na mtu. Huyo anayeingia na kutoka chumbani mle mara thelathini kwa usiku mmoja hakuulizwa iwapo anavuta sigara au la.

Kwa maneno mengine, kadiri chumba kinavyofungwa vizuri ili kumlinda mteja wa nje, ndivyo moshi unavyozidi kuwa mzito kwa mhudumu aliye ndani. Sheria imemlinda mmoja kwa mapafu ya mwingine, na hakuna kanuni inayomlazimu mwajiri kuhakikisha kwamba anayehudumu mle ni mtu aliyekubali.

Ilikuwa imekwisha kujulikana wakati huo kwamba chumba maalumu si dawa. Mapema Julai 2007, wiki chache kabla ya sahihi ya Kibaki, nchi wanachama wa mkataba wa WHO zilikutana Bangkok, Thailand, zikapitisha mwongozo wa kutekeleza Kifungu cha 8 kuhusu kinga dhidi ya moshi wa tumbaku. Mwongozo huo ulisema wazi kwamba hakuna kiwango cha moshi kisichodhuru, na kwamba mitambo ya kupitisha hewa, mashine za kuchuja hewa na vyumba vya wavutaji havitoi kinga. ASHRAE, chama cha Marekani cha wahandisi wa mitambo ya hewa, ambacho wanachama wake ndio wangefaidika kwa kuuza mitambo hiyo, kilikuwa kimekiri jambo lilo hilo mwaka wa 2005.

Baridi na turubai

Katika miji ya joto ya Pwani, baa iliyo wazi pande zote si jambo geni, na upepo wa bahari hufanya kazi ambayo mitambo haiwezi. Hali ni tofauti kwenye miteremko ya Mlima Kenya. Mji wa Nyeri uko takriban mita 1,750 juu ya usawa wa bahari, baina ya mlima huo na safu ya Nyandarua. Nanyuki uko juu zaidi, karibu mita 1,950. Kuanzia Juni hadi Agosti ukungu na manyunyu hutanda kutwa, na usiku baridi hupenya hadi mifupani.

Mteja anayekunywa bia katika baridi hiyo hataki dirisha wazi. Ndiposa katika baa nyingi za miji hii, eneo la wavutaji ambalo mwezi Februari ni baraza ya wazi nyuma ya jengo, hugeuka mwezi Julai kuwa chumba: mabati juu, turubai limeteremshwa pande tatu, jiko la makaa katikati, na watu wamekaa bega kwa bega. Kwenye karatasi bado ni eneo la nje.

Hoteli kubwa za eneo hili zina nafasi ya kujinasua. Outspan mjini Nyeri, iliyoanzishwa mwaka wa 1928 na Eric Sherbrooke Walker, aliyejenga pia Treetops mwaka wa 1932, imezungukwa na bustani. Na Mount Kenya Safari Club karibu na Nanyuki, iliyoanzishwa mwaka wa 1959 na mwigizaji wa Marekani William Holden na wenzake, ina viwanja vinavyotazama mlima moja kwa moja. Nyumba za aina hiyo zinaweza kumwelekeza mvutaji kwenye nyasi, mbali na ukumbi. (Outspan, kwa bahati, ndiko alikoishi miaka yake ya mwisho Bwana Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, aliyefariki Januari 1941 na kuzikwa Nyeri. Kitabu chake cha 1908 kiliwaonya wavulana dhidi ya sigara, wakati ambapo madaktari wengi hawakuwa na neno la kusema juu yake.)

Tatizo limejikita zaidi katika biashara ndogo: baa za orofa ya kwanza mjini Karatina, vilabu vya Kerugoya, Embu na Meru, na vituo vya nyama choma vilivyojipanga kando ya barabara kuu kutoka Sagana kupitia Karatina na Chaka hadi Naro Moru. Huko hakuna bustani, na chumba cha pili, kama kipo, hutumiwa kuweka kreti. Katika baa za Embu na Meru, ambako muguka na miraa hutafunwa, sigara aghalabu huandamana nazo na saa za kukaa huwa ndefu zaidi.

Mchomaji nyama yuko katika hali mbaya kuliko wote. Yeye huvuta moshi wa makaa na mafuta yanayodondokea moto mchana kutwa, kisha jioni huongezewa ule wa wateja wanaosimama karibu na jiko kuota moto na kuvuta. Sheria ya tumbaku inamhesabu kwa huo wa pili tu.

Moshi wenyewe

Moshi unaojaa chumbani hutoka sehemu mbili. Mmoja ni ule anaoupuliza mvutaji baada ya kuupitisha kifuani mwake. Mwingine, ambao ndio mwingi, hutoka moja kwa moja kwenye ncha ya sigara inayowaka kati ya vidole au juu ya kisahani. Huo haukupita kwenye kichungi wala kwenye mapafu ya mtu yeyote. Kwa jumla, moshi wa tumbaku una kemikali zaidi ya 7,000, na takriban 70 kati yake zinajulikana kusababisha saratani. Miongoni mwake kuna benzini, fomaldehaidi na arseniki, pamoja na kaboni monoksaidi, gesi inayochukua nafasi ya oksijeni katika damu.

Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, lililo chini ya WHO, limeuweka moshi wa wengine katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu, kundi moja na sigara yenyewe. Ripoti ya Daktari Mkuu wa Marekani ya mwaka wa 2006 ilieleza kwamba mtu asiyevuta lakini anayekaa na wavutaji nyumbani au kazini huongezewa hatari ya ugonjwa wa moyo kwa asilimia 25 hadi 30, na ya saratani ya mapafu kwa asilimia 20 hadi 30. Moshi huo huchochea pumu. Kwa mama mjamzito, unaweza kumfanya mtoto azaliwe na uzani mdogo, jambo lenye uzito katika kazi ambayo hufanywa kwa wingi na wanawake vijana. WHO inakadiria kwamba zaidi ya watu milioni moja duniani ambao hawavuti sigara hufariki kila mwaka kwa sababu ya moshi wa wengine.

Kuna njia ya kupima kiasi alichovuta mtu bila kumuuliza. Nikotini ikiingia mwilini hugeuzwa kuwa kotinini, ambayo hupatikana katika mate, mkojo na damu. Kotinini hupungua kwa nusu baada ya saa 16 hivi. Mhudumu anayetoka kazini saa tano usiku na kurudi saa kumi na moja jioni ya kesho yake huwa amekaa saa 18 tu mbali na moshi. Anaingia zamu mpya huku ya jana ikiwa bado damuni.

Wanaosema kwamba mhudumu aliyezoea hadhuriki wana jibu lao tangu zamani. Jimbo la California, Marekani, lilipopiga marufuku sigara katika baa kuanzia Januari 1, 1998, watafiti waliwapima wahudumu 53 wa baa mjini San Francisco kabla na baada. Kabla ya marufuku, 39 kati yao walikuwa na kikohozi, kukoroma kwa kifua, makohozi au kuishiwa pumzi. Wiki chache baadaye, 23 kati ya hao 39 hawakuwa tena na dalili hizo. Scotland ilipofuata mkondo huo Machi 26, 2006, uchunguzi miongoni mwa wahudumu wasiovuta sigara mjini Dundee ulionyesha kwamba waliokuwa na matatizo ya kupumua au ya macho na koo walipungua kutoka asilimia 79.2 hadi asilimia 53.2 katika mwezi mmoja. Hakuna aliyepewa dawa. Kilichobadilika ni hewa ya ukumbini.

Kisa kilichovuma zaidi ni cha Heather Crowe wa Ottawa, Canada. Alihudumu katika mikahawa kwa takriban miaka 40 na hakuwahi kuvuta sigara. Mwaka wa 2002 aligunduliwa kuwa na saratani ya mapafu, na bodi ya fidia ya wafanyakazi ya jimbo la Ontario ikakubali kwamba ugonjwa huo ulitokana na kazi. Alitumia miaka aliyobakiwa nayo kuzunguka nchi yake akiwaeleza wabunge na mawaziri yaliyompata, hadi alipofariki Mei 2006. Ontario ilianza kutekeleza marufuku kamili siku chache baadaye.

Fidia ya nani

Kisa kama hicho kikitokea Karatina, mhudumu angeanzia wapi? Sheria za kumsaidia zipo, na zilipitishwa mwaka uo huo wa 2007. Sheria ya Usalama na Afya Kazini inamtaka mwajiri kuhakikisha usalama, afya na maslahi ya kila anayefanya kazi kwake. Inamkataza pia kumfuta au kumbagua mfanyakazi kwa sababu amelalamika kuhusu hatari. Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini inatambua magonjwa yanayotokana na kazi. Katiba ya 2010 nayo, katika Kifungu cha 41, inampa kila mfanyakazi haki ya mazingira ya kazi yanayofaa, na Kifungu cha 42 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya.

Ugumu uko katika hali halisi ya kazi hii. Kamati ya usalama na afya, ambayo ndiyo ingepeleka lalama kwa mwajiri, ni ya lazima pale tu penye wafanyakazi 20 au zaidi. Baa ya kawaida ina wanne au watano. Wengi wao ni vibarua wasio na barua ya kuajiriwa, wanaohama kutoka Nyeri hadi Nanyuki, kisha Thika, kulingana na mahali palipo na wateja. Ugonjwa wa mapafu au wa moyo huchukua miaka mingi kujitokeza. Utakapojitokeza, baa ambayo mtu alifanyia kazi huenda imebadilisha jina mara tatu, na hakuna karatasi ya kuonyesha kwamba aliwahi kuingia humo.

Halafu kuna bakshishi. Mshahara wa mhudumu ni mdogo, na sarafu na noti zinazoachwa mezani ndizo humlipia nauli ya bodaboda usiku. Mteja anayewasha sigara ndani ya ukumbi mara nyingi ni yule yule anayelipia meza nzima. Sheria inamtarajia msichana wa miaka 22 kumwambia mtu huyo azime. Mwenye baa anayesimama kando ya kaunta, akimwona, hutazama kwingine.

Chama cha wafanyakazi wa hoteli, KUDHEIHA, hujadiliana na waajiri kuhusu mishahara na masharti ya kazi, lakini nguvu zake ziko katika hoteli kubwa zenye mikataba ya pamoja. Hata hivyo, hapo ndipo kifungu kuhusu moshi kingeweza kuanzia: kwamba asitumwe mtu katika eneo la wavutaji bila hiari yake, na kwamba mjamzito na mwenye pumu wasitumwe kabisa. Ni masharti yasiyomgharimu mwajiri chochote.

Msako wa pombe, kimya kuhusu sigara

Haiwezi kusemwa kwamba serikali haifiki katika baa za eneo hili. Inafika, tena kwa kishindo. Julai 2015, Rais Uhuru Kenyatta alipoamuru pombe haramu ing'olewe Mlima Kenya, viongozi na umati wa watu walivamia maghala na baa, wakamwaga vinywaji barabarani. Februari 2024, baada ya watu kufariki kwa kunywa pombe yenye sumu katika kaunti ya Kirinyaga, serikali ilifuata kwa msako mwingine wa nchi nzima na masharti mapya ya leseni. Maafisa walikagua leseni, chupa, stempu za ushuru, umbali wa baa kutoka shuleni na saa za kufungua.

Yamkini hakuna aina ya biashara inayokaguliwa mara nyingi kama baa za Nyeri, Murang'a na Kirinyaga. Mkaguzi aliyekwisha kuingia mlangoni hahitaji gharama ya ziada kutazama iwapo kuna visahani vya majivu juu ya meza za ukumbini, iwapo ilani ya kukataza sigara imebandikwa, na iwapo hilo linaloitwa eneo la wavutaji ni chumba halisi au ni kona iliyozibwa kwa turubai. Tangu ugatuzi wa 2013, utoaji wa leseni za vileo na kazi ya maafisa wa afya ya umma ni majukumu ya serikali za kaunti. Kaunti inayoweza kunyima leseni kwa sababu ya choo kichafu inaweza kuinyima kwa sababu ya moshi.

Fedha nazo si kisingizio kamili. Kanuni za Kudhibiti Tumbaku za 2014 ziliwataka watengenezaji na waagizaji wa bidhaa za tumbaku kuchangia asilimia mbili ya thamani ya bidhaa zao katika hazina ya kudhibiti tumbaku. Kampuni ya BAT Kenya ilipinga kanuni hizo mahakamani. Mahakama Kuu ilizikubali kwa sehemu kubwa Machi 2016, Mahakama ya Rufaa ikatupa rufaa ya kampuni hiyo Februari 2017, na Mahakama ya Juu ikafunga kesi Novemba 26, 2019. Miaka mitano ilipita hapo katikati.

Eneo lenyewe halina msimamo mmoja kuhusu zao hili. Tumbaku imekuwa ikilimwa katika sehemu kavu za Embu na Meru, na BAT imekuwa na kiwanda cha kusindika majani yake mjini Thika. Familia iliyosomesha watoto kwa pesa za tumbaku haiwezi kutarajiwa kuzungumza kama daktari. Lakini mjadala kuhusu mkulima ni mwingine. Kumwondoa mhudumu katika chumba cha moshi hakumzuii mtu yeyote kununua sigara wala kuivuta nje.

Hofu ya wenye baa ni ya aina nyingine: kwamba mvutaji akikatazwa kabisa atahamia kwa jirani. Ingekuwa kweli iwapo marufuku ingetekelezwa katika baa moja na kuachwa katika ya pili. Inapowahusu wote kwa usawa, hali huwa tofauti. IARC ilikusanya tafiti za nchi nyingi na kueleza mwaka wa 2009 kwamba sheria za kuondoa moshi hazikupunguza biashara ya mikahawa na baa. Wakenya wanaovuta sigara hata hivyo ni wachache kuliko inavyodhaniwa: uchunguzi wa kitaifa wa 2014 ulionyesha kwamba asilimia 11.6 ya watu wazima hutumia tumbaku ya aina yoyote, wanaume wakiwa asilimia 19.1 na wanawake asilimia 4.5.

Mfano wa kuziba dirisha lililoachwa wazi uko jirani. Uganda ilipitisha Sheria ya Kudhibiti Tumbaku mwaka wa 2015, ikaanza kuitekeleza Mei 2016. Sheria hiyo haikuruhusu vyumba vya wavutaji ndani ya majengo ya umma na ya kazi, na ikaweka umbali wa mita 50 kutoka mahali pa umma. Utekelezaji wake katika vilabu vya Kampala una matatizo yake, lakini mhudumu wa huko anapolalamika hana haja ya kubishana kuhusu unene wa ukuta au upana wa dirisha. Swali ni moja tu: je, mtu amevuta ndani au hakuvuta?

Kenya ilijaribu ukali wa namna hiyo kwa shisha, ambayo aliyekuwa Waziri wa Afya Dkt Cleopa Mailu aliipiga marufuku Desemba 2017. Hata hapo, Januari 2024 mahakama ya Shanzu, Mombasa, iliwaachilia washtakiwa wa shisha kwa misingi kwamba kanuni hizo hazikuwa zimewasilishwa Bungeni ipasavyo. Marufuku inayotegemea kanuni ya waziri peke yake huyumba. Ile iliyo ndani ya sheria ya Bunge ndiyo inayosimama. Kuondolewa kwa vyumba vya wavutaji katika baa kungehitaji marekebisho ya sheria ya 2007 yenyewe.

Kabla ya hapo, mhudumu ana njia chache lakini zinazotumika. Lalama kuhusu wateja wanaovuta ukumbini hupelekwa kwa afisa wa afya ya umma wa kaunti ndogo, ambaye ana mamlaka ya kuingia na kukagua. Lalama kuhusu mwajiri anayemlazimisha mtu kuhudumu katika moshi hupelekwa kwa idara ya usalama na afya kazini, ambayo ina maafisa katika kaunti, na inaweza kupelekwa bila kumjulisha mwajiri jina la mlalamishi. Anayekohoa kwa muda mrefu anafaa kumweleza daktari au afisa wa kliniki kazi anayoifanya na miaka aliyoifanya, na kuomba iandikwe katika faili yake. Pasipo barua ya ajira, maandishi hayo ya hospitalini, yakiwa na tarehe na jina la baa, huenda ndiyo pekee yatakayobaki.